Nani aanze, nani asubiri: kuomba mafao ya Social Security mkiwa wawili

Ukikaribia miaka 62 Marekani, umri wa kuweza kuanza kulipwa Social Security, yaani pensheni ya serikali, kila mtu anakuwa mshauri wako. Mmoja kanisani atakuambia chukua chako mapema kabla serikali haijafilisika. Mwingine msibani atakuambia vumilia hadi 70, pesa inaongezeka kila mwaka. Wote wawili wanasema kana kwamba unaishi peke yako. Mwenye mke au mume ana swali jingine la kutangulia: mmoja wetu akifariki, atakayebaki ataishi kwa shilingi ngapi? Maana siku hiyo cheki mbili za nyumbani zinabaki moja. Inabaki ile kubwa, ndogo inakatika, na kodi ya nyumba haishuki hata senti.

Mwongozo huu ni wa wale waliofanya kazi huku: wanaotunza wazee majumbani, madereva wa malori, watu wa maghala, waliokuja na viza ya masomo wakabaki, waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wakaanza upya wakiwa na miaka arobaini. Viwango vya dola nilivyotumia ni vya mwaka 2025. Hubadilika kila Januari, lakini asilimia na umri ndivyo vya kushika.

Hatua ya kwanza: kagua rekodi yako kabla ya kuota

Fungua akaunti kwenye ssa.gov, tovuti ya Social Security, usome mapato yako mwaka kwa mwaka. Ili upate pensheni kwa jina lako unahitaji krediti 40, na kwa mwaka mmoja huwezi kupata zaidi ya 4. Kwa hiyo ni miaka 10 ya kazi, si lazima iwe ya mfululizo. Mwaka 2025 kila dola 1,810 za mapato yaliyokatwa kodi zilitoa krediti moja.

Majina yetu huleta balaa hapa. Mtu ana majina matatu, mwajiri mmoja ameandika la babu kama jina la ukoo, mwingine amelikata, kadi ya Social Security inasema lingine. Jina lisipolingana na namba, mapato ya mwaka ule yanaweza kukaa pembeni bila kuingizwa kwako. Ukiona mwaka mtupu na unakumbuka ulifanya kazi, tafuta fomu ya W-2 (ile ya mwajiri inayoonyesha mapato na kodi ya mwaka) au hati za malipo uombe marekebisho. Kwa kawaida muda wa kusahihisha ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 tangu mwaka husika uishe. Kuna hali zinazoruhusu kupita hapo, ila usizitegemee.

Kisha kuna miaka ya kulipwa taslimu mkononi. Hiyo haipo, hata kama mgongo wako unaikumbuka. Wanaolipwa kwa fomu ya 1099, yaani waliojiajiri, kama madereva wa magari ya programu na wenye malori yao, wanatakiwa kujilipia wenyewe asilimia 15.3 ya faida, na humo limo fungu la Medicare, bima ya afya ya wazee. Anayejaza gharama nyingi kupita kiasi ili faida ionekane ndogo anafurahi mwezi wa Aprili wakati wa kodi, halafu akifika 67 anaulizwa zile pesa ziko wapi.

Pensheni hukokotolewa kwa miaka 35 yenye mapato makubwa zaidi, baada ya mapato ya zamani kupandishwa kulingana na ukuaji wa mishahara nchini. Uliyekuja na miaka 40 ukafanya kazi hadi 65 una miaka 25, na ile 10 inayopungua inaingia kama sifuri. Ndiyo sababu kwa mhamiaji mwaka mmoja zaidi wa kazi una uzito kuliko kwa mzaliwa wa huku: unafuta sifuri. Pia kanuni inambeba mwenye kipato kidogo. Sehemu ya kwanza ya wastani wa mapato yako ya mwezi, hadi dola 1,226 kwa waliofikisha 62 mwaka 2025, inahesabiwa kwa asilimia 90, inayofuata kwa 32, na ya juu kabisa kwa 15.

Miaka uliyofundisha Morogoro au uliyofanya kazi bandarini Mombasa haihesabiwi. Marekani ina mikataba ya kuunganisha miaka ya kazi na nchi 30, na hakuna hata moja ya Afrika. Aliyepitia Uingereza au Kanada ana bahati kidogo, kwa sababu nchi hizo zimo, na akiwa na angalau krediti 6 za Marekani anaweza kuunganishiwa.

Hatua ya pili: jua umri wako kamili wa kustaafu

Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, umri kamili ni 67. Kwa wa 1959 ni 66 na miezi 10. Huo ndio umri ambao unalipwa asilimia 100 ya pensheni yako. Ukianza 62 unapata asilimia 70, maisha yako yote. Ukichelewa baada ya 67, unaongezewa theluthi mbili ya asilimia moja kwa kila mwezi, yaani asilimia 8 kwa mwaka, mpaka 70. Hapo unafika asilimia 124 na nyongeza inasimama. Kusubiri 71 ni kuitupa pesa.

Sasa jambo ambalo wengi wetu linatuhusu. Wakimbizi wengi walipoulizwa tarehe ya kuzaliwa kambini, karani aliandika tarehe 1 Januari. Kisheria Social Security humhesabu mtu kuwa ametimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo aliyeandikiwa 1 Januari 1960 anahesabiwa kama wa 1959, na umri wake kamili ni 66 na miezi 10. Karani yule alikupa miezi miwili bila kujua. Lakini kama pasipoti inasema tarehe moja na Social Security inasema nyingine, lishughulikie mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba, sio wiki ile unayotaka malipo yaanze.

Hatua ya tatu: kaeni mezani wote wawili

Chukua bwana na bibi, wote waliozaliwa baada ya 1960, bwana akimzidi bibi miaka mitatu. Pensheni ya bwana akiwa 67 ni dola 2,400. Ya bibi, aliyekaa miaka mingi nyumbani na watoto, ni 900.

Bwana akianza 62 anapata 1,680. Akingoja 70 anapata 2,976. Ukimhesabu peke yake, aliyeanza 67 anamfikia aliyeanza 62 kwa jumla ya pesa akiwa na miaka 78 na miezi 8. Aliyengoja 70 anamfikia wa 67 akiwa na miaka 82 na nusu. Hesabu hizi haziweki nyongeza ya kila mwaka ya gharama za maisha, ambayo wote wanapata. Hapo bwana hujipima afya yake, anakumbuka baba yake alifariki na miaka 71, anasema: mimi nachukua sasa.

Amehesabu maisha yake tu. Cheki yake haifi naye, inahamia kwa bibi. Bwana akifariki baada ya kuanza 70, bibi aliyefika umri kamili anachukua ile 2,976 badala ya yake. Bwana aliyeanza 62 anamwachia kidogo zaidi ya alichokuwa akipokea, kwa sababu sheria inamlinda mjane asishuke chini ya asilimia 82.5 ya pensheni kamili ya marehemu, hivyo ni 1,980. Tofauti ni karibu dola 1,000 kila mwezi, kwa mwanamke ambaye ni mdogo kwa miaka mitatu na ambaye kwa kawaida ataishi zaidi ya mumewe. Ndiyo maana ninasema hivi bila kuzunguka: mwenye pensheni kubwa ndiye wa kusubiri kadiri anavyoweza, hasa akiwa ndiye mkubwa kwa umri na ndiye mgonjwa. Ugonjwa wake si sababu ya kuharakisha ikiwa mwenzake ni mzima. Ni kinyume chake.

Mwenye pensheni ndogo ana uhuru. Cheki yake itakatika mmoja wao atakapofariki, awe yeye au mwenzake, kwa hiyo kuikuza hadi 70 mara nyingi hakuna faida. Aanze mapema kama nyumba inahitaji pesa, na pesa hiyo ndiyo itakayomwezesha mwenzake kusubiri.

Mliye peke yenu, bila mwenza wala mtoto mdogo, na afya imeyumba au kazi imeisha, anzeni 62 bila kuona haya. Ile hofu ya mfuko kukauka isiwe sababu, lakini. Ripoti ya wadhamini ya 2025 inasema akiba ya mfuko wa wastaafu na warithi itaisha 2033, na baada ya hapo kodi zinazoendelea kukusanywa zitatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Bunge lisipofanya lolote, kupunguzwa huko kutamkuta hata aliyeanza mapema, akiwa ameshajipunguzia asilimia 30 kwa mkono wake.

Hatua ya nne: mafao ya mwenzi

Mume au mke anaweza kulipwa hadi nusu ya pensheni kamili ya mwenzake, hata kama hajawahi kufanya kazi Marekani siku moja. Masharti: ndoa iwe na mwaka mmoja, awe na miaka 62 au zaidi, na mwenye pensheni awe ameshaanza yake. Hili la mwisho husahaulika sana.

Nusu inapimwa kwa pensheni ya umri kamili, sio ile ya 70. Bwana wetu akingoja hadi apate 2,976, nusu ya bibi bado ni ya 2,400, yaani 1,200. Na bibi halipwi 1,200 juu ya 900 yake. Anapewa 900 yake kwanza, kisha nyongeza ya 300. Akianza mapema, vipande vyote viwili vinakatwa, kila kimoja kwa kiwango chake. Asiye na pensheni yake kabisa akianza mafao ya mwenzi akiwa 62 anapata asilimia 32.5 ya pensheni ya mwenzake badala ya 50. Kusubiri baada ya 67 hakuongezi chochote upande huu.

Zamani watu waliombea mafao ya mwenzi kwanza huku pensheni yao ikikua. Mlango huo umefungwa kwa kila aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1954 au baadaye: ukiomba kimoja unahesabiwa umeomba vyote unavyostahili. Lakini kipande cha nyongeza hakiwezi kuanza kabla mwenzako hajaanza, na hapo pana nafasi. Bibi akianza yake akiwa 62, anapata 630. Bwana akianza akiwa 70, bibi ana miaka 67, kwa hiyo nyongeza inakuja nzima: 630 na 300, jumla 930. Bwana angeanza akiwa 67, bibi angekuwa na 64 na nyongeza ingekatwa robo, ibaki 225.

Kuna familia moja ambayo hesabu hii inageuka: mzee mwenye watoto wadogo, na sisi tunao wengi. Baba akianza pensheni, mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kupata hadi nusu ya pensheni kamili ya baba, na mama anayemlea mtoto wa chini ya miaka 16 naye anapata, hata akiwa na miaka 40. Jumla ya familia ina kikomo, kati ya asilimia 150 na 180 hivi ya pensheni kamili ya baba. Baba wa miaka 64 mwenye mtoto wa miaka 10 anapoteza malipo ya mtoto kila mwezi anaosubiri. Huyu apige hesabu mbili kabla ya kuamua.

Cheti cha ndoa kitaulizwa. Mliooana kimila Kenya na hamjasajili, sajilini: Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa hizo zisajiliwe, na ni rahisi kufanya mkiwa hai wote wawili. Mwenye wake wawili asitarajie Marekani itamlipa wa pili.

Hatua ya tano: aliyeachika na aliyefiwa

Mtalaka ana haki ambayo wengi hawaijui. Kama ndoa ilidumu miaka 10 hadi siku talaka ilipokamilika, na hujaolewa tena, unaweza kuomba kwa rekodi ya mwenzako wa zamani ukiwa 62. Yeye hapunguziwi chochote, mke wake mpya hapunguziwi, na wala hatumiwi barua. Mkishapitisha miaka 2 tangu talaka, huhitaji hata yeye awe ameanza, mradi ana miaka 62. Uliye kwenye ndoa ya miaka 9 na miezi kadhaa na wakili anakuharakisha, mwulize kwanza kalenda.

Mjane anaweza kuanza akiwa 60, kwa asilimia 71.5, au kungoja umri kamili wa mjane apate asilimia 100. Umri huo ni 67 kwa aliyezaliwa 1962 na baadaye. Kwa kawaida ndoa iwe ilidumu angalau miezi 9. Akiolewa tena baada ya kutimiza 60, haki haipotei. Akiolewa kabla, inasimama ndoa hiyo inapoendelea.

Na hapa ule mlango uliofungwa kwa wenzi uko wazi. Mjane anaweza kuchukua kimoja sasa na kingine baadaye. Mwenye pensheni yake nzuri achukue ya marehemu akiwa 60, aiache yake ikue hadi 70, kisha ahamie. Mwenye pensheni ndogo afanye kinyume: yake akiwa 62, ya marehemu akiwa 67. Ukiongea na karani sema wazi kwamba unaomba kimoja tu, na uone kimeandikwa hivyo kwenye maombi. Usipolitamka, unaweza kujikuta umeombewa vyote.

Hatua ya sita: kazi, kodi, Medicare

Ukiwa hujafika umri kamili na bado unafanya kazi, kuna kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400. Kila dola 2 zinazozidi, wanazuia 1. Mfanyakazi wa nyumba ya wazee anayepata 39,400 amezidi kwa 16,000, atazuiliwa 8,000. Pesa hiyo haipotei kabisa, maana ukifika umri kamili pensheni inakokotolewa upya, lakini mwaka ule mfukoni haipo. Kwa anayepiga zamu mbili, kuomba akiwa 62 mara nyingi ni kujisumbua.

Mafao yanaweza kutozwa kodi pia. Wanandoa wanaojaza pamoja huanza kuguswa pale mapato mengine yakijumlishwa na nusu ya mafao yanapopita dola 32,000.

Medicare ni 65, hata kama pensheni unaingoja hadi 70. Dirisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Ukilikosa bila kuwa na bima ya kazi, Sehemu B, ile ya gharama za madaktari, inaongezwa adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyochelewa, na adhabu hiyo hubaki nawe. Bima ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, yako au ya mwenzako ambaye bado yuko kazini, inakuruhusu kuchelewa.

Hatua ya saba: kama mnawaza kurudi nyumbani

Raia wa Marekani analipwa akiwa Kisumu au Tanga kama angekuwa Dallas. Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) ana shida mbili: kuulinda ukaazi wenyewe, na kanuni kwamba asiye raia akikaa nje miezi 6 kamili mfululizo malipo husimama, isipokuwa awe ndani ya misamaha, ambayo hutegemea uraia wake na miaka aliyofanya kazi. Asiye raia wala mkaazi hukatwa kodi ya asilimia 30 juu ya asilimia 85 ya mafao, yaani robo na kitu. Mke asiye raia anayeishi kwetu, hasa ambaye hajawahi kuishi Marekani, ndiye anayeumia: anayelipwa kwa rekodi ya mwenzake kwa kawaida lazima awe ameishi huku angalau miaka 5 akiwa mke au mume wake. Kwa hiyo uraia ni sehemu ya mpango wa pensheni, na una foleni yake. Medicare kwa kawaida haivuki mpaka.

Baadhi ya wazee walioletwa na watoto wao na hawajafanya kazi wanapokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Hiyo ni nyingine kabisa, na ukikaa nje ya nchi siku 30 inasimama.

Habari njema kwa mwenye pensheni ya serikali ya Kenya au Tanzania: zamani ingeweza kupunguza pensheni yako ya Social Security. Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025 ilifuta makato hayo, kwa mafao ya kuanzia Januari 2024.

Hatua ya nane: kuomba

Unaweza kuomba hadi miezi 4 kabla ya mwezi unaotaka malipo yaanze, kwenye ssa.gov, kwa simu 1-800-772-1213, au ofisini. Andaa cheti cha kuzaliwa au hati ya umri, uthibitisho wa uraia au ukaazi, W-2 ya mwisho, cheti cha ndoa au cha talaka, na namba za benki. Kwa hati nyingi wanataka halisi, sio fotokopi. Mkalimani wa Kiswahili ni bure ukiomba, na ni afadhali kuliko kumkokota mtoto wako atafsiri mambo ya talaka.

Ukiomba baada ya umri kamili, karani anaweza kukupa malimbikizo ya hadi miezi 6. Inavutia kwa sababu ni pesa nyingi kwa mkupuo, lakini inarudisha nyuma tarehe yako ya kuanza na kupunguza cheki ya kila mwezi, pamoja na ya atakayebaki. Kama huna deni linalokukaba, kataa.

Ukijuta, una miezi 12 ya kuondoa maombi kwa fomu SSA-521, ukirudisha kila dola mliyolipwa, na ya mwenzi na ya watoto ikiwemo. Muda huo ukipita, inabaki njia moja: ukifika umri kamili unaweza kusimamisha malipo, yakue hadi 70. Nayo yale ya mwenzi yanayotegemea rekodi yako husimama pia.

Malipo huja mwezi unaofuata, siku ya Jumatano: ya pili kwa waliozaliwa tarehe 1 hadi 10, ya tatu kwa 11 hadi 20, ya nne kwa waliobaki.

Mwenzako akifariki, piga simu kabla ya safari ya maziko, kwa sababu maombi ya mjane hayafanyiki mtandaoni. Mwezi wa kifo haulipwi, hata akifariki tarehe 30, kwa hiyo pesa ya mwezi huo ikiingia benki usiiguse, wataichukua tena. Chukua nakala kadhaa rasmi za cheti cha kifo huku huku kabla ya kusindikiza mwili nyumbani. Na zile dola 255 wanazotoa mara moja kwa mjane ziombe ndani ya miaka 2.